Nataka kufungua bustani yangu Entebbe kwa kiingilio, pesa ziende kwa manesi wa majumbani. Nianzie wapi?

MamaMlangilangi

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mjane, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa ishirini na tatu niko Entebbe. Marehemu mume wangu, Mganda, alipougua saratani, miezi yake minne ya mwisho alihudumiwa nyumbani na manesi wa hospisi, wale wanaowatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Kila Jumanne wanakuja, wanakagua ile chupa ya mofini ya maji ya kutuliza maumivu, wananionyesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano nimpe kiasi gani na saa ngapi. Wakishamaliza kwake wananigeukia mimi: "Na wewe, mama, umekula?"

Sasa nina bustani. Si kubwa, kama nusu ekari inayoteremka kuelekea ziwani. Kuna bogenvilia za rangi sita, okidi nilizozifunga kwenye mwembe kwa vipande vya khanga zilizochakaa, kidimbwi cha mayungiyungi, na mlangilangi niliokuja nao kutoka kwetu ukiwa mche wa urefu wa kiganja. Nimewaza nifungue geti siku moja, watu walipe, chote kiende kwa manesi.

Niwatoze kiasi gani? Choo nifanyeje, maana ninacho cha ndani tu? La tatu ndilo linaloninyima usingizi: shemeji yangu anasema watu wataona naombaomba kwa jina la marehemu. Kuna aliyewahi kufanya jambo hili?

Boda_Kitooro

Shikamoo mama. Sikuvunji moyo, nauliza tu: nani atalipa kuona maua wakati bustani ya mimea ya serikali ipo hapa hapa Entebbe tangu 1898?

MkulimaJinja

@Boda_Kitooro kaka, watu hawaendi kuona maua, wanakwenda kuona kwa mtu. Ukuta ukiwa mrefu, nao nyumba nyingi za Entebbe ni ukuta na nyaya, kila apitaye anajiuliza humo ndani kuna nini.

Mama, mimi nilifungua yangu mwaka juzi kwa ajili ya wodi ya wazazi ya hapa kwetu. Kiingilio elfu tano, wakaja watu kama themanini. Getini nikapata laki nne hivi. Kilichonishangaza ni miche! Nilikuwa nimeotesha vipandikizi kwenye mifuko ya maziwa, nikaviweka pembeni bila hata bei. Mtu akisimama mbele ya ua likamkaa moyoni, hataki picha, anataka lake. Miche ikaingiza zaidi ya mara mbili ya geti, na saa tisa ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo anza kuotesha leo. Bogenvilia usiifanyie haraka, inataka miezi miwili mitatu ishike mizizi. Kila mfuko uandike jina la mmea kwa kalamu ya wino usiofutika, la sivyo utajibu swali moja mara mia mbili.

Choo: kodi kimoja cha kubeba, au omba jirani. Usiwaingize watu ndani. Mimi niliwaingiza, simu ya binti yangu ikaondoka.

MzeeWaBombo

Dada yangu, huko Uingereza jambo hili lina umri wa karibu karne nzima. Mwaka 1927 walikuwa wanatafuta pesa za manesi wa wilaya, wale waliozunguka nyumba kwa nyumba kutibu wagonjwa. Bustani 609 zikafunguliwa, shilingi moja kwa kichwa (shilingi yao ya wakati huo, si hii yetu), zikapatikana zaidi ya pauni elfu nane. Mpaka leo zinafunguliwa, nyingi kwa siku moja au mbili tu kwa mwaka, na chai na keki haikosekani. Niliishi kule miaka sita nikaenda kwenye nne au tano. Mwenye bustani unamkuta mwenyewe, mikono ina udongo, anaeleza mbolea yake bila kuchoka. Kwa hiyo mwambie shemeji kwamba wazo lilianza kwa manesi kama hao hao wako. Hakuna aliyeitwa ombaomba.

Mhasibu_Ntinda

Shemeji hajakosea kabisa. Watu wameumizwa. Kwenye kundi letu la WhatsApp tulichangia matibabu ya mtoto, mweka hazina akahama namba, na hadi leo tunasimuliana. Kwa hiyo:

Kwanza nenda hospisi wenyewe, uwaombe barua ya kukubali jina lao litumike. Bila barua usibandike tangazo popote. Pili, wakupe namba yao ya MoMo au Airtel Money, mgeni alipe moja kwa moja kwao mbele ya geti. Pesa zikipita kwenye simu yako utakatwa ada ya kutoa na kodi ya nusu ya asilimia juu yake, na mdomo wa watu utakukata zaidi. Za taslimu zihesabiwe jioni hiyo hiyo na watu watatu, mmoja awe wa hospisi. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, aambiwe mapema, mumkaribishe chai.

Jina na picha ya marehemu visiwe kwenye tangazo. Atakayeuliza kwa nini manesi, msimulie.

Bei: anayetoka Kampala kwa barabara ya kulipia ameshatoa elfu tano kuja na elfu tano kurudi. Mimi ningesema elfu kumi mtu mzima, watoto bure.

NesiMasaka

Watoto bure, sawa, lakini wachungwe. Kama una yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, yana sumu, yazungushie kamba. Na kama uzio wako ni wa mnyaa, utomvu wake ukiingia jichoni ni kilio.

Tarehe: kwepa Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, njia zote ni za mahujaji wa Namugongo. Jumamosi nusu ya Kampala iko kwanjula, sherehe za kutambulisha wachumba. Jumapili baada ya kanisa ndiyo siku.

MamaMlangilangi

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Mnyaa ninao, upande wa nyuma wote! Limebaki moja. Mlangilangi wangu hunukia hasa jua likizama, na saa hizo ndizo sami, wale vijinzi wa ziwani, wanapanda kutoka majini kama moshi, wanajaa hadi kwenye chai. Nikifunga saa kumi na moja, wageni wataondoka bila kuunusa.

BintiPemba_Kla

Mama, kwetu mlangilangi unachumwa alfajiri, umande haujakauka, ndipo harufu imekolea. Chuma asubuhi ile, uweke kwenye sinia na kitambaa kibichi juu. Kama una mrehani na asumini, tufunge vikuba. Kila mama anayeingia anauziwa kimoja, elfu mbili, anakivaa kifuani. Wengi hapa hawajawahi kukiona. Mimi nitakuja kufunga, nina mikono myepesi. Na tarehe, angalia kalenda ya mwezi: sami hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, kwa hiyo chagua mbali na hapo.

MamaMlangilangi

Vikuba! Mwanangu, umenirudisha Tanga. Nimeongea na hospisi leo asubuhi, barua inaandikwa. Shemeji nimemsomea majibu yenu yote kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza getini atakaa nani, maana yeye Jumapili hana kazi.

Boda_Kitooro

Elfu kumi yangu iko tayari. Kikuba cha mke niwekewe pembeni.