Mjadala: Je, masufi, watawa wa Kikristo na wacha Mungu wa Kiyahudi wana imani moja?

Ndugu zangu, hoja iliyo mezani ni kwamba watu wa batini, yaani wanaomtafuta Mungu ndani ya nafsi, wa dini zote, ukiwavua majoho, utawakuta na imani moja. Nusu naikubali, nusu naikataa.

Kufanana kupo. Aliyewahi kukaa kwenye zikri ya Kadiria, mojawapo ya tarika za masufi, pumzi ikienda sambamba na jina la Mwenyezi Mungu, awatazame watawa wa Kiorthodoksi wa mlima Athos, Ugiriki, katika karne ya 14. Waliketi kwenye kigoda, kidevu kifuani, wakivuta pumzi taratibu na kurudia: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu." Mtawa msomi Barlaam aliwakejeli kuwa ni watu wenye roho kitovuni. Mtawa mwenzao, Gregory Palamas, akawatetea, na mtaguso (baraza la kanisa) wa Constantinople wa mwaka 1341 ukamuunga mkono.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Abraham Maimonides, kiongozi wa Wayahudi wa Misri, aliyefariki 1237. Aliwatazama masufi wa nchi yake akaandika waziwazi kwamba mengi ya mwenendo wa manabii wa Israeli yamebaki kwao, ilhali Wayahudi wameyapoteza. Akahimiza kusujudu ndani ya sinagogi, na kunawa miguu kabla ya sala. Wayahudi wenzake wakamshtaki kwa watawala Waislamu kwamba anazua bidaa! Hebu fikirieni ujasiri huo.

Lakini hakuhama dini. Alisema anarudisha mali ya wazee wake. Sala ya Athos nayo inamwita Yesu Mwana wa Mungu, maneno ambayo hakuna muridi, mfuasi wa tarika ya Kisufi, atakayeyatamka. Palamas alishikilia kwamba dhati ya Mungu haifikiwi kamwe, mja hupata nuru na neema zake tu. Na masufi wenyewe hadi leo hawajakubaliana juu ya Hallaj, aliyeuawa Baghdad mwaka 922, na ile kauli anayonasibishwa nayo, "Ana al-Haqq", yaani "Mimi ndiye Haki", ambalo ni jina la Mungu.

Kwa hiyo anayesema imani ni moja anijibu: mbona jina analolirudia kila mmoja halibadilishani na la mwenzake? Na wewe unayesema kufanana huku ni uchafu ulioingizwa kutoka nje, nieleze Abraham alikosea wapi alipoweka paji la uso chini mbele ya Mola wake.