Tupeane uzoefu: ndugu, mila na matibabu ya mgonjwa huku kwetu Dodoma

MuuguziBahi

Mbukwenyi ndugu zangu. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijijini, wilaya ya Bahi. Naomba wauguzi wenzangu, na nyinyi mnaouguza majumbani, tupeane uzoefu: ni wakati gani ndugu, mila au hali ya maisha ndiyo iliyoamua matibabu kuliko dawa yenyewe?

Naanza mimi. Binti wa mimba ya kwanza alikuja kliniki akiwa na mama mkwe wake. Miguu imevimba, kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli, presha 170 kwa 110. Huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, maana kinachonyemelea hapo ni kifafa cha mimba. Mume alikuwa mbali na ng'ombe, anatafuta malisho, simu haipatikani. Kila nikimuuliza binti swali, anamtazama mkwewe. Mama akasema miguu ya mjamzito huvimba, hata yeye ilimvimba, tumsubiri mwenye mke arudi.

Nikamgeukia mama. Nikamwamkia upya kwa heshima, nikamsogezea kiti, nikamfunga yeye kipimo cha presha mkononi. Ikasoma vizuri. Kisha nikamfunga binti mbele yake, nikaandika namba za wote wawili kwenye karatasi moja, ya mama juu na ya binti chini. Mama aliikodolea macho ile karatasi. Nikamwambia, "Mama, mzazi wake hapa ni wewe. Ukisema aende, ataenda." Swali lake la kwanza likawa nauli, la pili nani atabaki na watoto. Nauli haikuwa shida, tulipiga 115, namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, gari likaja. La watoto akalimaliza mwenyewe kwa kumtuma mtu kwa dada yake. Binti alijifungua salama.

Kuna wenzetu wakiona mkwe anaingilia wanamfokea na kumtoa nje. Sikubaliani nao kabisa. Ukimtoa nje umemtoa mwenye uamuzi, na mgonjwa utakayebaki naye hawezi kukujibu ndiyo wala hapana.

MjukuuWaKongwa

Asante dada nesi. Mimi si mtu wa afya, nasimulia ya bibi yangu aliyenilea.

Kwenye pindo la khanga yake bibi alikuwa anafunga kibano kidogo. Jioni anakaa mlangoni, ananiita mimi mwenye macho mazuri nimng'oe kope. Zilikuwa zimepinda kwa ndani, zinakwangua mboni kila anapopepesa. Hiyo ni trakoma iliyokomaa, vikope vya tangu utotoni vinavyorudi na kurudi mpaka kigubiko cha jicho kinapata makovu na kujikunja. Wanawake ndio wanaopofuka zaidi kwa ugonjwa huu, na sababu inaeleweka: wao ndio wanaolala na watoto, wanaowabeba na kuwafuta makamasi, na vimelea viko kwenye makamasi na matongo hayo.

Wataalamu wa macho walikuja Kongwa miaka mingi, dawa ya kumeza ilitolewa kijiji kizima, na upasuaji wa kope ulikuwepo. Bibi hakutaka. Kila aliyekuja alimweleza habari za jicho, na yeye alikuwa anawaza nani atamchotea maji na kumpikia wakati jicho limefungwa bandeji. Muuguzi mmoja alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akamuuliza, "Bibi, hapa nyumbani kazi zako ni zipi?" Bibi akazitaja zote. Yule muuguzi akatuita wajukuu, akatugawia kazi moja moja mbele yake. Wiki iliyofuata bibi alikubali kwenda.

Na hili la kunawa uso. Kina mama walikuwa wanaambiwa wanawishe watoto, nao wanajibu maji hakuna, na kweli kisima kiko mbali. Muuguzi yule yule alichukua kopo moja la maji, akatunawisha watoto wote wa boma kwa kutumiminia kidogo kidogo kiganjani, na maji yakabaki. Alihakikisha babu yupo anaangalia, kwa sababu kwetu maji yakiisha kabla ya jioni anayeulizwa ni mama.

Baba_Chang'ombe

Mimi mke wangu nilimsindikiza kliniki mara zote. Wenzangu walinisema sana, ila tulihudumiwa mapema na dalili za hatari nikazijua. Wanaume twendeni.

MkungaMstaafu

Nimefanya kazi Singida na Dodoma mpaka nikastaafu. Nitasema jambo ambalo wengi hawapendi kulisema hadharani.

Ni lawalawa. Mtoto mchanga wa kike anawashwa sehemu za siri, anatoa uchafu, analia akikojoa. Bibi na shangazi wanasema ni lawalawa na dawa yake ni kukeketa. Ni maambukizi ya kawaida tu, usafi na dawa za zahanati vinayamaliza. Sheria ya mwaka 1998 inamfunga mwenye kumkeketa binti wa chini ya miaka 18, miaka mitano hadi 15. Lakini hofu ya sheria imewafanya wengine wawafanyie watoto wangali wachanga, kimya kimya ndani, ambako hakuna wa kuona.

Nilichokuwa nafanya, siku ya chanjo naongea na bibi waliowaleta watoto, naongea mapema kabla mtoto yeyote hajaugua. Nawaambia, "Akiwashwa, mleteni kwangu kwanza, hata usiku." Bibi mmoja alimleta mjukuu wake jioni, amemfunika gubigubi asionwe njiani. Nikamsafisha mtoto, nikampa dawa, nikamwonyesha bibi namna ya kumsafisha na kumkausha. Baada ya siku chache akarudi mtoto ametulia. Bibi huyo ndiye aliyeniletea wengine, na nyumba zile nisingezifikia kwa mabango.

Zuzu_Mlezi

Baba yangu ana presha na kisukari. Aliambiwa apunguze chumvi na chakula kingi cha wanga. Nyumbani tunakula watu tisa, sufuria ni moja, ugali wa uwele na mlenda, na mzee kuwekewa sahani yake pembeni anaona ametengwa. Kwa hiyo aliacha ushauri, akabaki na vidonge, navyo akaviacha alipojisikia nafuu. Muuguzi amshauri nani hapo, yeye au mama anayepika?

MuuguziBahi

@Zuzu_Mlezi mama anayepika, tena mzee akiwepo. Siku ya kuchukua dawa nenda nao wote wawili, umwombe muuguzi apime presha ya mama pia. Chumvi ipunguzwe kwenye sufuria ya wote, haitamdhuru yeyote. Mlenda aendelee nao. Ugali apunguze tonge na maharage yaongezeke, kwenye sinia lile lile. Na vidonge mzee asiviache kwa kujisikia nafuu. Mpe mjukuu mmoja anayempenda kazi ya kumletea na maji ya kumezea.

@MkungaMstaafu shikamoo mama. Naomba uniambie hayo mazungumzo na bibi ulikuwa unayaanzaje, wiki ijayo nina siku ya chanjo.

MkungaMstaafu

Marahaba mwanangu. Waulize kwanza wao walilelewaje wakiwashwa. Waache waongee wote, usimkatize hata mmoja. Mwenye kisa cha mtoto aliyetokwa damu sana hujitokeza mwenyewe.