Naishi Kinyerezi, nataka kutembea msituni Jumamosi: Pugu, Pande au ufukweni?

Mama Zuhura, Kinyerezi

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 52 na tangu mwezi wa kwanza natembea kila alfajiri kwa ajili ya sukari. Nilianza kwa dakika 20, sasa namaliza saa nzima bila kukaa chini. Kinachonishinda ni barabara. Pembeni hapana pa kukanyaga, bodaboda zinapita ubavuni mpaka kanga inapepea, na vumbi la malori ya mchanga nalimeza lote mimi.

Nataka Jumamosi niwe natoka na mwanangu wa darasa la sita, tutembee penye miti. Mmoja ameniambia Pugu, mwingine Pande, wa tatu anasema niachane na misitu nikatembee ufukweni. Naomba anijibu aliyezikanyaga njia hizo kwa miguu yake. Kupanda naweza, ila kwenye mteremko magoti yananisumbua.

Mkazi wa Kisarawe

Shikamoo mama. Nimezaliwa Kisarawe, msitu huu ndio uani kwetu, na kwa mtu wa Kinyerezi jibu langu ni Pugu. Ukifika Gongo la Mboto unapanda gari la Kisarawe, ukishavuka Pugu Kajiungeni hewa yenyewe inakwambia umefika. Siku hizi ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Unaingia kwa kulipia, na nakuomba usipite njia ya panya hata kama kijana wa bodaboda anakuahidi kukuvusha bure. Ngoja nikueleze kwa nini.

Msitu una vijia vingi mno, na vingi havikutengenezwa kwa ajili ya watembezi. Vilitengenezwa na wakata kuni na wachoma mkaa. Kijia cha mkaa kinakudanganya kwa sababu mwanzoni ni kipana na kimekanyagwa vizuri kuliko hata njia halali. Unakifuata nusu saa, halafu kinafia kwenye duara la udongo mweusi uliooka, visiki pande zote, na mbele hakuna kitu. Mimi mwenyewe, mwenyeji, niliwahi kuingia kimoja wakati wa vuli nikiwa na mdogo wangu. Mawingu yalikuwa mazito, jua halionekani, tukazunguka mpaka tuliposikia honi ya treni upande wa Pugu ndipo tukajua pa kushika. Kwa hiyo mara ya kwanza chukua mwongozaji pale getini. Ya pili utaamua mwenyewe.

Kuhusu magoti: vilima hivi havifiki hata mita 400, ila kuna miteremko mifupi ya udongo unaoteleza. Mwambie mwongozaji mapema unataka njia ya kuzunguka, si ya kushuka mabondeni. Kata fimbo nyumbani uje nayo, msituni hairuhusiwi kukata.

Mwanao atataka mapango ya popo. Si mapango ya asili, yalichimbwa na watu waliokuwa wakitafuta kaolini, ule udongo mweupe. Ukitoka humo viatu vimepakwa kama unga wa ngano. Msiingie bila mwenyeji na tochi. Na mwoneshe pia Shule ya Sekondari ya Pugu, ndiko Mwalimu Nyerere alikokuwa akifundisha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU.

Suruali ndefu ichomekwe ndani ya soksi, masika kuna siafu. Kiangazi tatizo ni upupu. Ukiona maganda ya kahawia yenye manyoya yananing'inia, usipite upande unaovumiwa na upepo kutoka kwake.

Binti Mbezi

Pande ni pazuri, lakini kwako ni mbali, utachoka kabla ya kuanza kutembea. Ni pori la akiba pia, kwa hiyo taratibu zake za kuingia fuatilia kabla hujatoka nyumbani. Naungana na mkazi wa Kisarawe.

Baba Kombo, Kunduchi

Dada yangu, ufukwe usiudharau, hasa kwa magoti. Siri yake ni maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yakipwa yanarudi mbali na kuacha mchanga uliobana, mguu hauzami. Maji yakijaa utatembea kwenye mchanga mlaini na hapo ndipo magoti yanapolia. Ukifika Kunduchi pita kwenye magofu, uone makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina.

Mama Zuhura, Kinyerezi

Nimerudi kuwapa mrejesho. Tulikwenda Pugu Jumamosi, tukafika getini saa moja na nusu asubuhi, tukachukua mwongozaji. Tumetembea saa mbili na dakika kumi. Nilimwambia habari ya magoti na akatupitisha juu juu, mteremko mmoja tu ndio ulionibana, nikashuka kwa ubavu huku nimeshika fimbo.

Mahali fulani akatuwekea mkono tusimame. Kwenye majani makavu palikuwa na mnyama mdogo, mgongo mweusi, ubavuni wekundu wa kutu, pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Sange. Akatikisa majani mara mbili tatu, akapotea. Mwanangu hajaacha kumwigiza mpaka leo.

Na lile duara jeusi la mkaa tumeliona. Pembeni yake kisiki cha mkongo kimechipua vitawi vitatu, vinanifika kiunoni. Nilisimama pale kwa muda.

Kisarawe, Mungu akubariki, ile ya soksi imetuokoa. Baba Kombo, naomba uniambie: mwezi ujao maji yanapwa saa ngapi siku ya bamvua, ili niwahi na gari la alfajiri?