Tupeane uzoefu: nani alikuwekea mwandishi wako mkononi?

Abiria wa Pantoni

Wakuu, habari za jioni. Nimechoka na orodha. Kila tukiulizana "unampenda mwandishi gani", watu wanamwaga majina kumi kama wanasoma mahudhurio darasani, halafu kimya. Leo naomba tofauti kidogo. Taja mmoja, kisha useme alikufikiaje. Nani alikupa, ulikuwa wapi, kitabu kilikuwa na hali gani.

Naanza. Nilikuwa nakaa Kigamboni, kazi yangu Posta. Waliokaa ng'ambo wakati daraja halijajengwa wanaijua foleni ya pantoni. Mkobani nilikuwa na *Kuli* ya Adam Shafi, nimeazima kwa jirani, jalada linashikiliwa na selotepu. Nasoma nimesimama, nikahisi mtu begani. Nikafunua ukurasa.

"Bado sijamaliza," sauti ikasema.

Mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, barakashia imefifia. Nikaurudisha ukurasa, tukasoma wote. Baadaye akauliza kinahusu nini. Nikamwambia makuli wa bandari ya Unguja, na ule mgomo wao wa 1948. Akacheka, akanyoosha kidole kule ndani kwenye winchi za bandari. Kumbe amebeba magunia hapo miaka na miaka. Akainama akanionyesha nyuma ya shingo, pana sugu nene, nyeusi, unaweza kudhani ni kisigino.

"Huyo aliyeandika alibeba?"

Nikasema sidhani.

"Basi alikaa na waliobeba."

Tukafika, geti likashushwa, akapotea kwenye watu. Nimesoma *Kasri ya Mwinyi Fuad*, nikasoma *Vuta n'Kuvute*, nikasoma *Haini*, na kila nikianza kitabu cha mtu yeyote najiuliza swali la yule mzee. Karibuni.

Chaku wa Sinza

Shaaban Robert, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Penina Muhando, Ebrahim Hussein, Musiba, Mtobwa, Gurnah, Katalambulla, Muhammed Said Abdulla.

Abiria wa Pantoni

Chaku, umesoma nilichoandika kweli? 😂 Chagua mmoja, urudi na stori.

Mama Pacha

Mimi mwandishi wangu simjui jina.

Msinicheke. Nilikuwa darasa la sita, Mbagala. Nyumbani hapakuwa na kitabu zaidi ya vya shule na Msahafu. Asubuhi natumwa maandazi kwa mama mmoja jirani, anayafunga kwenye gazeti. Siku hiyo nafungua, nakuta hadithi. Daktari yuko kwenye treni ya Kigoma, mbele yake amekaa mwanamke aliyefiwa, na kwenye mkoba wa yule mwanamke kuna kipande cha sabuni, ndani ya sabuni imefichwa pete. Mafuta yamelowesha karatasi mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana kinyumenyume. Chini kabisa: ITAENDELEA. Juu pamechanika, jina la hadithi hakuna, la mtunzi hakuna.

Nikaanza kujipeleka mwenyewe kununua maandazi. Mama akashangaa nimekuwa mtoto mwema. Namwomba yule mama anifungie kwa gazeti la aina ile ile, ananiangalia tu. Nikapata sehemu moja zaidi, ya mbele kidogo, treni imefika Tabora na daktari ameshagundua ile sabuni. Basi. Zilizofuata zilikuwa matangazo ya zabuni na mechi za Simba.

Nina miaka arobaini na mbili. Bado sijui pete ilikuwa ya nani.

Meza ya Samora

Mama Pacha umeniua. Mimi nauza vitabu vya mtumba mjini, natandika chini. Huwa nakutana na watu wa namna yako: "Naomba kile kitabu chenye jalada la kijani, kuna mtu anakufa mwanzoni." Dada yangu, vyote kuna mtu anakufa mwanzoni.

Ila niseme jambo moja. Vitabu vya Kiingereza vinakaa mezani mpaka vinababuka na jua. Ukileta zile za zamani za Musiba, za mpelelezi Willy Gamba, *Kufa na Kupona* au *Njama*, hauli nao chakula cha mchana. Na wanaonunua ni wababa wa miaka hamsini na kitu, wanakishika, wanakinusa, halafu ndio wanauliza bei. Mtu akishakinusa simpunguzii.

Karani wa 2022

Mimi ni Edwin Semzaba, na aliyenipa ni Serikali.

Shuleni tulisoma *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* kwa ajili ya mtihani. Dhamira, wahusika, mandhari, funga kitabu. Ngoswe, karani wa sensa, anakwenda kijijini, anampenda Mazoea binti wa Mitomingi, karatasi za sensa zinaishia motoni. Nikaandika majibu, nikafaulu, nikasahau.

Agosti 2022 nikapata kibarua cha ukarani wa sensa, mtaa mmoja huku Temeke. Jamani! Nyumba ya kwanza nagonga, mama anamwita mumewe: "Baba Asha, Ngoswe huyu amekuja!" Nyumba ya tatu, mzee mwenye mabinti wawili ananikalisha nje kwenye benchi, jua la saa saba, anasema majibu yote atatoa yeye. Mabinti wanachungulia dirishani wanaziba midomo kwa kanga. Namuuliza idadi ya waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23, ananijibu, "Wewe andika, ila macho yako yawe kwenye dodoso." Nikamwambia mzee, siku hizi hatuna karatasi za kuchoma, tuna vishikwambi. Akasema, "Hata hicho kinaungua."

Nilipomaliza kazi nikatafuta kitabu nikakisoma upya, safari hii bila kalamu. Kile ambacho mwalimu alituandikisha kama "ujumbe" nilikuwa nimekiona kwenye macho ya yule mzee: hakuwa mshamba, alikuwa na sababu. Anakuja kijana usiyemjua, amevaa kitambulisho, anataka kuhesabu watoto wako. Semzaba alifariki mwaka 2016, mimi nimekuja kumfahamu 2022. Nadhani vitabu vya shule tulinyang'anywa kwa kupewa mapema. Lakini labda ni uvivu wangu tu.

Mwalimu wa Chanika

Karani, hilo la kunyang'anywa linanihusu na sikubali lote. Watoto wangu hamsini na kitu wanagombania nakala sita. Nisipowasomesha kwa mtihani nitawasomesha kwa nini? Ila na mimi nikisoma kwa sauti ile sehemu ya Mitomingi darasa zima hulala kwa kicheko, na kengele ikigonga hawatoki.

Binti Mizani

Euphrase Kezilahabi. Nilipewa na rafiki yangu wa Mlimani, *Kichomi*, diwani yake ya 1974, ile iliyoleta ugomvi wa mashairi huru.

Sasa mimi nina baba mdogo Tanga, mtu wa vina na mizani, zamani akituma mashairi gazetini. Akaja kwetu Temeke kutibiwa macho. Akakikuta mezani. Akafunua, akasoma ukurasa mmoja, akakiweka chini kama mtu aliyeshika chombo chenye masizi.

"Hana vina huyu."

Nikamweleza kuwa ndivyo alivyokusudia. "Basi ni barua, imekatwa mistari." Mada ikafungwa, tukala.

Usiku saa nane naenda kuchota maji ya kunywa, nakuta taa ya sebuleni inawaka. Baba mdogo, jicho moja limefungwa bandeji, kitabu amekisogeza hadi puani. "Shikamoo baba, hujalala?" "Marahaba. Natafuta kosa."

Alilitafuta siku nne. Siku ya kuondoka akasema hajalipata lote, akaondoka nacho. Kezilahabi alipofariki, Januari 2020, yeye ndiye aliyenipigia simu kunipa habari. Akakaa kimya kidogo kisha akasema, "Kitabu chako kipo." Hakurudisha. Sijakidai.

Chaku wa Sinza

Haya nimerudi. Muhammed Said Abdulla, *Kisima cha Giningi*. Kaka yangu alikuwa anatusomea, umeme ukikatika, kwa kibatari. Yeye alikuwa Bwana Msa, yule mpelelezi, anashika penseli mdomoni ndiyo kiko. Mimi nilikuwa Najum, rafiki yake Msa, kazi yangu kushangaa. Kaka hatunaye tangu 2009. Ndiyo maana niliandika majina tu.

Abiria wa Pantoni

Pole sana mkuu. Nisamehe.

Chaku wa Sinza

Hakuna shida. Alikuwa anasoma vibaya pia 😅 anaruka mistari.

Mtunzi wa Sehemu ya 41

Mimi naandika riwaya, nauza kwa WhatsApp. Unalipa buku mbili kwa simu, nakuingiza kwenye kundi, kila usiku saa tatu natupia sehemu. Najua humu kuna watu watanuna.

Wangu ni Ben Mtobwa. Nilimkuta kwa kinyozi Tandika, kitabu cha mpelelezi wake Joram Kiango, kisicho na kurasa za mwanzo wala jalada. Kila nikienda kunyoa nasoma mpaka zamu ifike, na nilikuwa nawapisha watu: "Tangulia braza, mimi sina haraka." Nywele zenyewe sina. Baadaye nikajua Mtobwa alikuwa mchapishaji pia, ile kampuni ya vitabu ya Heko ilikuwa yake. Hilo ndilo lililonipa moyo. Kumbe unaweza kuandika na kuuza wewe mwenyewe.

Sasa machungu. Mwaka jana rafiki ananitumia hadithi "kali sana", nisome. Naisoma: ni yangu, jina la mtunzi jingine. Unajua nilivyothibitisha? Sehemu ya 17 nilikosea, mhusika wangu Zubeda nikamwita Zuhura mpaka sehemu ya 19, kisha akarudi kuwa Zubeda. Mwizi kahamisha yote, na Zuhura wake. Wasomaji wake kule kundini wanabishana kama Zuhura ni pacha. Kuna dada ameandika maelezo marefu kuthibitisha kuwa ni pacha, na nakiri maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko hadithi yangu. Toleo jipya nimemweka pacha.

Mwalimu wa Chanika

Pole. Lakini na nyinyi mhariri mumtafute. Nimenyang'anya simu darasani nikakuta "alimtizama kwa macho ya urembuo huku xura ikimxhuka". Nililia.

Mtunzi wa Sehemu ya 41

Hiyo si yangu mwalimu! Mimi X siitumii. Ila huyo mwanafunzi alikuwa anasoma kwa hiari yake, chini ya dawati, bila kuulizwa dhamira. Tusaidiane hapo.

Mjukuu wa Magomeni

Abdulrazak Gurnah. Alipopata Nobel 2021 nikanunua *Paradise*, kile cha 1994, nikaishia ukurasa wa thelathini. Kiingereza changu kinafika, ila nilikuwa nasoma kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, *Peponi*. Nikampelekea bibi, mzaliwa wa Unguja, anakaa Magomeni miaka yote, macho hayaoni tena vizuri. Nikawa namsomea baada ya Magharibi, yeye anachambua mchele kwa vidole.

Mtoto Yusuf anachukuliwa na Ami Aziz, mfanyabiashara, wanapanda treni. Nasoma kwa furaha, mtoto anasafiri. Bibi akasimamisha vidole.

"Huyo si ami yake. Baba mtu anadaiwa."

Nikamwambia bibi, ngoja, hawajasema. Akasema hakuna haja ya kusema, na akanitajia mtu wa mtaani kwao aliyewekwa rehani hivyo hivyo, jina lake, na nyumba aliyopelekwa. Mimi kwa Kiingereza nilikuwa nimepita hapo nikidhani ni mjomba mkarimu. Kumalizia ilituchukua mwezi mzima kwa sababu kila ukurasa bibi ana wake wa kuongeza.

Disketi

Mimi si kitabu, ni blogu. *Jikomboe* ya Ndesanjo Macha, enzi za intaneti kafe. Unalipia nusu saa, ukurasa unafunguka robo saa. Nilikuwa nanakili maandishi kwenye disketi nikasome kwenye kompyuta ya ofisini kwa mjomba. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuandika mambo ya dunia, siasa, teknolojia, kwa Kiswahili, bila kuomba radhi. Disketi ninayo. Mashine ya kuifungua sina.

Fundi Cherehani Tabata

Samahani nimechelewa, nimesoma uzi wote kuanzia juu. Mama Pacha, ile treni ya Kigoma. Yule daktari alikuwa na kovu mkononi?

Mama Pacha

Ndiyo!! La moto. Mkono wa kushoto. Wewe nani??

Fundi Cherehani Tabata

Bosi wangu wa zamani alikuwa anatumia magazeti kukatia patani. Nilipata sehemu mbili, zimekatwa umbo la kola na mkono wa shati. Ila mwisho sina dada. Mimi ninao mwanzo, kabla hawajapanda treni. Najua pete ilinunuliwa wapi.

Meza ya Samora

Nyinyi wawili msihamie inbox. Watu tumekaa hapa.

Mama Pacha

Subirini nizime jiko. Haya fundi, anza na ile ya kola.