Mwenye kumtesa kasa afungwe miaka 5? Mimi nasema hapana, njooni mnipinge

Jamani wa Lamu na Malindi, naweka hili hapa tulijadili bila matusi. Juzi alfajiri nilikuwa ufukweni nangojea mashua ninunue samaki, ikaingia, na ndani mna kasa kalazwa chali, mapezi ya mbele yametobolewa yakafungwa pamoja kwa kamba ya nailoni, na yu hai. Nimekaa pale kama saa moja na nusu na sikio langu liko kwake tu, maana kasa si samaki, ana mapafu, anainua kichwa anavuta pumzi kwa kishindo halafu kimya kireeefu mpaka wasema basi kashakufa, kisha anainua tena. Na machozi yanamtoka. Najua mtaniambia halii yule, ni chumvi anatoa, sawa, najua, lakini kaa wewe pale umtazame. Na hawamchinji mapema makusudi, mteja hajafika na barafu ni pesa.

Haya, sheria. Kasa wote wa baharini wako orodha ya kwanza ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ilivyorekebishwa 2018 yasema anayeua, kujeruhi au kutesa mnyama wa daraja hiyo anakwenda ndani si chini ya miaka 5. Si chini ya, yaani hakimu hana pa kupunguza. Na ukimpiga punda wako hapa Lamu mpaka aanguke, ile sheria ya zamani ya ukatili kwa wanyama ni faini isiyozidi 3,000 au miezi 6. Linganisheni wenyewe.

Sasa kosa langu nalisema mbele yenu: nilitoa simu nikairudisha mfukoni. Nahodha mwenyewe simjui sana lakini mkewe tumesoma chuo kimoja kwa maalim mmoja, wana watoto wanne. Ningejua ni faini ya elfu ishirini, jarife lake, wavu ule, lishikwe mwezi na kasa arudishwe majini, wallahi ningepiga hapo hapo tena yeye anasikia. Lakini miaka mitano? Nikanyamaza. Na si mimi tu, palikuwa na wazee, wachukuzi, mama karanga, wale wanaonunua samaki kukaanga na kuuza, na masufuria yao, wote ghafla macho yanatazama kwengine. Sheria kali hivi shahidi watamtoa wapi?

*bintishela:* Pole kaka lakini huo ni uoga umeuvisha kanzu. Kasa jike huchukua miaka ishirini na zaidi ndio aanze kutaga, mayai mia na kitu kwenye shimo moja, na wanaofika ukubwani wachache mno, halafu wewe wataka faini ya elfu ishirini? Tajiri mwenye mashua ataikata kwenye bei ya nyama na kesho yake wako majini.

*baharia mstaafu:* Dadangu taratibu. Wazee wetu Wabajuni walivua kasa kwa chazo, yule samaki wa kugandama, unamfunga kamba mkiani unamtupa akagande kwa kasa kisha unavuta pole pole, na hakuna aliyeitwa mkatili. Leo kijana wangu kasa kajinasa mwenyewe kwenye jarife, akikata nyavu ni hasara, akimleta pwani ni mhalifu. Kule Watamu kuna Local Ocean Conservation, shirika la kuhifadhi kasa, ukimpata kwa bahati mbaya unawapigia, wanakuja, wanakupa kitu kidogo cha pole, kasa anapimwa anarudi zake. Na watu wanapiga simu! Hamjiulizi kwa nini?

*bintishela:* Mzee nakuheshimu, lakini huyu hakujinasa kwa bahati mbaya, katobolewa mapezi. Hiyo si ajali.

*mkulima wa witu:* Mimi nawasoma nacheka kwa uchungu. Nyati akiniua shambani sheria hiyo hiyo ya 2013 yaahidi familia yangu milioni 5 na hizo milioni watu wanazingojea miaka nenda miaka rudi. Nikimrushia mshale mimi, wanafika jioni hiyo hiyo. Kwanza mtu alipwe, tena tuzungumze machozi ya kasa

*mwenye mada:* @mkulima hapo sikupingi, ila kumwua nyati aliyekuvamia na kumwacha mnyama afe pole pole ili nyama ikae ni vitu viwili, na hapa ndipo sheria inaponichanganya, imeweka kuua na kutesa mstari mmoja, kifungo kimoja. Mimi nataka kutesa kuwe na kosa lake lenyewe, adhabu ya karibu, ya haraka, mtu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, aweze kuisimamia bila kumtia mtu jela mpaka mwanawe amsahau. Miaka mitano wekeni kwa anayeagiza.

*mama wawili:* Anayeagiza ndio hasa. Kuna watu wananunua mafuta ya kasa eti dawa ya pumu na kifua. Na hiyo nyama Kisiwa Panza kule Pemba Machi 2024 iliua watu 9, wanane watoto. Muuzaji mwenyewe haili nyama hiyo, anauza tu.

*baharia mstaafu:* Hapo mama umesema. Sisi tunamshika mvuvi kwa sababu mvuvi ana pahali pa kushikwa, pwani, mchana, kalowa.

*bintishela:* Bado sijaridhika. Mwenye mada, yule kasa ikawaje?

*mwenye mada:* Saa tatu kasoro akaja mtu na pikipiki na ndoo mbili za rangi zenye mifuniko. Sikukaa kuangalia.

*bintishela:* Namba ya pikipiki uliiona?

*mwenye mada:* Niliiona.