Anayewauzia watoto "yai la Rayquaza" hapa Mwanga arudishe hela zao

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Kuna jamaa ana kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo na gemu, maeneo ya Mwanga hapa Kigoma. Jina silitaji, wanaomjua wanamjua. Huyu mtu anawauzia watoto wa shule "mayai ya Rayquaza", yule joka wa Pokémon Emerald, gemu ya kukamata na kukuza viumbe, ile wanayochezea kwenye simu kwa emuleta (programu ya kuchezea gemu za zamani). Elfu tano yai moja, elfu kumi ukitaka "damu safi, 31 zote", hizo 31 nitazieleza chini. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na hela yenyewe aliipata kwa kuanika dagaa Kibirizi likizo nzima. Akalipa, akaacha simu ilale kibandani, asubuhi akarudishiwa ikiwa na Rayquaza wa leveli 5.

Rayquaza HAZAI. Naandika kwa herufi kubwa ili hata aliye upande wa pili wa ziwa asome. Rayquaza, Kyogre, Groudon, Mewtwo, wote hao wako kwenye kundi lisilotoa mayai. Umuweke na Ditto, yule anayezaa na karibu kila Pokémon, umuweke na nani, yule mzee anayekaa nje ya kituo cha malezi, pale gemu inapokuwekea wawili wazae, barabara ya Route 117, atakwambia kila mmoja anapenda kucheza na wengine kuliko na mwenzake, na hapo hakuna yai hata uendeshe baiskeli mpaka kidole kiote sugu. Kwenye Emerald Rayquaza yuko mmoja tu, unamkuta kwenye mnara wa Sky Pillar, leveli 70. Wa leveli 5 hayupo. Anayekuuzia yai la Rayquaza anakuuzia maziwa ya jogoo.

Sasa huyo wa leveli 5 katoka wapi? Namba za GameShark, zile za kuchakachulia gemu, basi. Jamaa anaingiza namba, kiumbe anatokea, dakika moja haijaisha. Halafu anamwambia mtoto kwamba "amezalisha vizazi saba". Vizazi saba vya nani, kaka?

Na haishii hapo. Anawaambia pia kuwa akichukua Charizard dume, wa moto, na Blastoise jike, wa maji, anatoa mchanganyiko wenye moto na maji. Hawa wawili kweli wanazaa, maana wote wamo kwenye kundi la mayai linaloitwa Monster. Lakini aina ya mtoto inatoka kwa mama. Blastoise akiwa ndiye mama, anatoka Squirtle, yaani Blastoise akiwa mdogo, wa kawaida kabisa, hana hata cheche. Ukigeuza, mama akiwa Charizard, anatoka Charmander, yaani Charizard akiwa mdogo. Hakuna chotara kwenye gemu hizi, hajawahi kuwepo. Kazi ya baba ni kumrithisha mtoto mapigo fulani, na kuchangia zile namba za ndani ambazo nitazieleza. Mtu anayejiita "fundi wa kuzalisha" asiyejua hili anazalisha nini?

Kinachonikera zaidi ni kwamba kuzalisha kwenyewe ni kitu kizuri sana, kina sheria zake, na mtoto akifundishwa anakuwa na akili ya mahesabu bila kujijua. Chukueni Bagon. Akikua anakuwa Salamence, na Salamence ni wa kutisha, lakini Bagon akikua peke yake hajifunzi pigo la Dragon Dance. Altaria anajifunza. Altaria yumo kwenye makundi mawili, la ndege na la Dragon. Bagon yumo la Dragon. Kwa hiyo unamtafuta Swablu dume pale Route 114, unamkuza awe Altaria mpaka ajue Dragon Dance. Unamtafuta Bagon jike ndani kabisa ya Meteor Falls. Unawapeleka Route 117. Kila ukitembea hatua 256 gemu inapiga bahati nasibu ya yai. Likitoka, Bagon anazaliwa tayari anajua pigo la baba yake.

Yai la Bagon linahitaji hatua kama 10,240. Nyingi, ndiyo. Ndiyo maana watu wenye akili wanaenda Fiery Path kumkamata Slugma na kumweka kwenye kikosi. Slugma awe na uwezo wa Flame Body au Magma Armor, yote ni sawa, joto lake linapunguza hatua hizo hadi nusu. Hilo lilianza hapo hapo kwenye Emerald. Na kuna mambo matamu mengine: Pikachu akiwa ameshika kifaa cha Light Ball pale kituoni, Pichu anayezaliwa anakuja na Volt Tackle, pigo ambalo hawezi kulipata kwa njia nyingine kwenye gemu hiyo. Vitu kama hivi ndivyo mpwa wangu alitakiwa kugombania na wenzake darasani.

Tuje kwenye "31 zote", hapa ndipo wizi wenyewe ulipo. Kila Pokémon ana namba sita zilizofichwa: ya uhai, shambulio, ulinzi, shambulio maalumu, ulinzi maalumu na kasi. Kila moja ni kati ya 0 na 31. Kumpata mwenye 31 zote sita kwa bahati tupu ni mara moja kati ya 1,073,741,824. Ni 32 x 32 x 32 x 32 x 32 x 32, fanyeni wenyewe kwenye simu. Kwenye Emerald mtoto anarithi hadi namba tatu tu kutoka kwa wazazi, nyingine zinakuja kwa bahati. Ongeza tabia, ambazo ziko 25. Ukimpa mama au Ditto jiwe la Everstone unapata tabia yake nusu ya mara, nusu nyingine unaangukia popote. Kwa hiyo "31 zote" kwa kuzalisha kwenye Emerald, kwa elfu kumi, unaipata kesho asubuhi? Acheni.

Na angalieni ujanja. Kwa nini anawauza wakiwa leveli 5 tu? Kwanza kwa sababu kwenye Emerald mayai yanatotoa leveli 5, kwa hiyo inaonekana kweli. Pili, na hili ndilo kubwa, namba hizo zinazidishwa na leveli na kugawanywa kwa mia. Leveli 5, tofauti ya mwenye 31 na mwenye 0 ni pointi moja au mbili. Mtoto akifungua ukurasa wa taarifa hawezi kuona chochote, na gemu yenyewe haizionyeshi namba hizo popote. Ni mpaka umfikishe leveli 100 ndipo tofauti inakuwa pointi 31, na hapo muuzaji ameshakula hela siku nyingi.

Nilipomfuata kumuuliza akaanza kunipiga kiswanglishi. Anasema ametumia "Destiny Knot", kifaa cha kumshikisha mzazi, na "mbinu ya Masuda". Nikacheka mpaka wateja wakageuka. Emerald ilitoka Japani mwaka 2004. Destiny Knot ilikuja na gemu za Diamond na Pearl mwaka 2006, na hata hapo ilikuwa haihusiani na mayai. Kuitumia kurithisha namba tano kulianza kwenye gemu za X na Y mwaka 2013. Mbinu ya Masuda, ile ya kuchanganya wazazi wa gemu za lugha mbili tofauti ili upate rangi adimu kirahisi, nayo ilianza 2006. Kwenye Emerald rangi adimu ni moja kati ya 8,192, uzalishe usizalishe. Jamaa kasoma makala ya gemu nyingine, kaja kuiuza hapa.

Mtoto mwingine, wa Ujiji huyu, aliuziwa yai tupu akaambiwa atembee nalo. Ametembea wee. Nilipoliangalia limeandikwa Bad Egg. Hilo si yai, ni data iliyoharibika baada ya mtu kuingiza namba vibaya. Halitotoi milele, na kulitupa huwezi kwa sababu gemu hairuhusu kuachia mayai. Litakaa kwenye boksi lake mpaka afute gemu.

Na mpwa wangu? Kumbe jamaa hata hakuhangaika kuingiza namba kwenye gemu ya mtoto. Alinakili faili lake mwenyewe juu ya lile la kijana. Jina la mkufunzi si la kwake, beji si zake, Swampert aliyeanza naye akiwa Mudkip hayupo. Alikuwa amebakiza Elite Four, wale mabingwa wa mwisho wa gemu. Kazi ya miezi imefutwa na mtu aliyelipwa elfu kumi kuifuta.

Najua watakuja wa "gemu tu hiyo mkuu, mwache kijana atafute". Gemu ni gemu, hela ya dagaa si gemu. Na wa "mbona gemu yenyewe mmerushiana kwa bluetooth", hilo ni kweli na tutalijadili siku nyingine, lakini halimpi mtu ruhusa ya kumdanganya mtoto wa miaka kumi na nne.

Wazazi na makaka mlio Kigoma mjini, kabla kijana hajatoa hela amwambie muuzaji alitotoe yai mbele yake. Akimaliza afungue ukurasa wa taarifa wa huyo kiumbe, gemu inataja kama kametotolewa na ni wapi. Na simu isilale kibandani hata siku moja. Faili la gemu likopiwe kwanza kwenye memori kadi.

Wewe jamaa, najua umo humu na unasoma, maana tangazo lako uliliweka jukwaa hili hili. Nataka elfu kumi ya mpwa wangu, elfu tano ya yule wa Ujiji, na kama bado una lile faili la zamani, lirudishe. Jumamosi mchana nakuja kibandani na simu yangu, Emerald safi, Altaria dume na Bagon jike wako tayari kituoni. Nitolee yai moja tu kwa njia ya kweli, watoto wakiona. Ukiweza, elfu kumi baki nayo. Na ujibu hapa hapa kwenye uzi, PM zako za "tuyamalize kimya kimya" sizifungui.