Mjadala: Roboti ya kumpigisha mzee soga, msaada au danganya toto?

Mzee Kijana: Wadau, mwaka 2022 idara ya wazee ya jimbo la New York ilianza mpango wa kuwagawia wazee zaidi ya 800 roboti ya mezani iitwayo ElliQ. Haina mikono wala miguu. Ni kichwa kinachogeuka na kuwaka taa, pembeni yake kioo cha kugusa. Haisubiri kuitwa: inakusalimu asubuhi, inauliza umelalaje, umemeza dawa, inakuchombeza utoke ukanyooshe miguu. Watetezi wanasema itamwezesha mzee kubaki kwake badala ya kuhamia makao ya wazee. Mimi naona wanachanganya upweke na kushindwa kujihudumia. Mnasemaje?

Zamu ya Asubuhi: Nakupinga nusu, mkuu. Natunza wazee majumbani huku Ohio. Nikitoka saa kumi jioni, bibi ninayemhudumia anabaki na televisheni mpaka kesho. Usiniambie televisheni ina utu kuliko roboti! Na dawa ya presha ya saa mbili usiku nani anamkumbusha? Ila akianguka bafuni, kweli, kichwa cha mezani hakimwinui mtu.

Binti Pwani: Korea Kusini wanagawiwa Hyodol, mwanasesere wa kitambaa mwenye sauti ya kitoto. Nyumba ikikaa muda mrefu bila mtu kutikisika, taarifa inakwenda kwa wahudumu wa ustawi wa jamii. Hapo naelewa, maana mashine inamwita mtu. Lakini kifaa kinachosikiliza chumbani mchana na usiku, mzee amekikubali mwenyewe, au wanawe wamemsainia?

Mzee Kijana: Umesema, dada. Na kampuni ikifa je? Jibo, roboti ya nyumbani iliyoingia sokoni Marekani 2017, ilifika 2019 ikawatangazia wenyewe kwa kinywa chake kwamba seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha kwa mbali, zitazimwa. Mjane aliyekwisha kuizoea si anafiwa mara ya pili?

Zamu ya Asubuhi: La Jibo sina jibu. Hofu yangu mimi ni masaa. Siku ofisa anayepanga huduma ataandika kwenye fomu "ana roboti", kisha akate masaa yangu manne yawe mawili. Soga atapata, sikatai. Kuogeshwa je? Kubadilishwa shuka? Anayeitetea anijibu hapo kwanza, ndipo tuendelee.